Mkuki wa Ilunga wa Pili

Jumapili ya tarehe 7 Julai 2024, saa tisa mchana, katika nyumba moja ya matofali huko Alunguli, walikuwapo watu wanne. Wa kwanza alikuwa mwenye nyumba, Ilunga Jérôme, fundi wa redio na simu, mwenye umri wa miaka arobaini. Wa pili, mkewe Joëlle, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, kwenye ungo. Wa tatu, Germaine, mdogo wake Jérôme, baba mmoja mama mmoja, mshonaji wa nguo. Wa nne, Mounira, jirani, aliyekuja kuchaji simu yake kwa sababu betri ya jua ya Jérôme ilikuwa na nguvu kuliko zote za mtaa ule. Mounira yu hai hadi leo na anaweza kuulizwa.

Mtu wa tano hakuwapo. Hilo lishikwe tangu mwanzo.

Jérôme alikuwa akicheza. Mashine ile ya mchezo ililetwa kwake na mchimbaji mmoja wa dhahabu ili aitengeneze, na mwenyewe hakurudi kuichukua. Mwaka ulipopita, Jérôme aliiunganisha na televisheni yake. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu, wa Kifaransa: askari anashuka mapangoni kuua mazimwi, na silaha zake zina uganga. Lakini uganga wenyewe ulikuwa wa kuchakaa. Ngao iliomba mafuta. Kofia ya chuma iliomba nyundo. Na mkuki, uliokuwa uhai wa askari, uling'aa kwa mwanga wa buluu uliopungua kila ulipochoma. Mwanga ukiisha, mwenye mkuki hufa kwa pigo la kwanza. Njia ya kuurudisha ilikuwa moja: kumwendea mwanamke mwenye uso uliofunikwa, aliyesimama kando ya kisima, na kumpa kibuyu cha maji aunyunyizie mkuki. Kibuyu kimoja kwa silaha moja. Vibuyu vyenyewe vilipatikana matumboni mwa mazimwi, na vilikuwa adimu.

Jérôme, kwa kuwa alikuwa fundi, alipenda matengenezo hayo kuliko vita. Aliweza kukaa saa nzima akiipaka mafuta ngao isiyokuwapo.

"Muume wa miaka makumi ine," alisema Joëlle bila kuinua kichwa. "Majoka ya mu télé unaua yote. Panya ya jikoni inakushinda."

"Panya haina kibuyu mu tumbo, mama. Nikiiua nitapata nini?"

Mounira alicheka. Aliisogelea televisheni, akasoma neno lililoandikwa chini ya mkuki. ILUNGA.

"Unaupa jina lako mwenyewe?"

"Mashine yenyewe njo inauliza jina. Na ukisha kuandika, haifutike tena."

"Si ungeandika Jérôme, basi?"

"Silaha haisikie jina ya batizo," alisema Jérôme, akiigiza sauti ya mzee, kisha akamkonyeza mdogo wake. "Uliza Germaine. Ii njo kazi yake ya zamani."

Germaine hakucheka. Alikuwa akishona tundu za vifungo kwa mkono, na aliendelea kushona.

Jérôme alifungua mfuko wa askari ili ahesabu vibuyu. Akaacha kuhesabu. Kisha akasema, "Nani njo alicheza hapa?"

Mfukoni mlikuwa na mikuki miwili, mmoja juu ya mwenzake. Mti uleule, chuma kilekile. Mmoja ulikuwa na mwanga nusu. Mwingine haukuwa na mwanga hata chembe. Chini ya kila mmoja palikuwa na jina.

ILUNGA. ILUNGA.

"Miye hapana," alisema Joëlle. "Hata kuwasha sijui."

"Usiniangalie miye," alisema Mounira. "Nimekuja na simu yangu tu."

Jérôme aliipiga mashine kofi dogo, kama anavyozipiga redio. Mikuki ilibaki miwili. Basi akacheka. "Bon. Nimepata wajina wangu!"

Sindano ya Germaine ilikuwa imesimama ndani ya nguo. Mounira ndiye aliyeona kwamba imepita kitambaa na kuingia katika kidole, na kwamba mwenye kidole hana habari.

Siku ya pili yake, Jumatatu, wakifua nguo kando ya mto, Germaine alimweleza Mounira jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu kwa miaka ishirini na miwili.

Mwaka 2002, Mai-Mai, wapiganaji wa msituni wanaojikinga kwa dawa ya maji, walipouzingira mji wao, Germaine alikuwa na miaka kumi na miwili na Jérôme kumi na minane. Nyumba yao ilikuwa imechomwa. Jérôme aliingia msituni upande wa Kailo pamoja na wapiganaji hao, na kwa kuwa mdogo wake hakuwa na pa kubaki, alimfuata. Kambini palikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Bulaimu, ndiye daktari wa dawa. Mzee Bulaimu alitafuta msichana ambaye bado hajavunja ungo, amchungie chungu cha maji. Akamchukua Germaine.

Kazi yake ilikuwa hii. Kila alfajiri, kabla hajasema neno lolote na mtu yeyote, alichovya kishada cha majani katika chungu, akanyunyizia kila bunduki, akaita jina la mwenyewe mara moja. Bunduki iliyonyunyiziwa na kuitwa ilimlinda mwenyewe mpaka jua litue. Isiyonyunyiziwa ilikuwa chuma tu. Mzee Bulaimu alikuwa mkali juu ya majina. Alitaka jina la ukoo peke yake. "Maji haisikie jina ya batizo," alikuwa akisema, "wala ya msikiti."

Na palikuwa na Ilunga wawili. Ilunga Jérôme, na kijana mwingine, mtoto wa Waislamu wa Kibombo, Ilunga Ismaël. Jina liliitwa mara mbili, maji yakanyunyizwa mara mbili, na hapakuwa na tatizo. Ismaël alijiita mwenyewe Ilunga wa pili. Ndiye aliyembebea Germaine chungu wakivuka vijito, kichwani, akiimba kwa sauti mbaya ili amchekeshe, maana alijua hakuruhusiwa kusema. Alimwita mudogo, kama vile walizaliwa pamoja.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa Germaine alijikwaa kwenye mzizi, na chungu kikainama. Maji mengi yalimwagika. Hakumwambia Mzee Bulaimu, kwa kuogopa fimbo. Alinyunyiza kwa kubania, bunduki baada ya bunduki, mpaka zikabaki mbili na maji ya kujaa kiganja kimoja.

Angeweza kuyagawa. Hakuyagawa. Aliyamimina yote juu ya bunduki ya kaka yake, akaita Ilunga. Kisha akatikisa majani makavu juu ya ile nyingine, akaita Ilunga.

Ismaël alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Aliinua uso.

"Yangu umetia maji?"

"Nimetia."

Akatabasamu. Akaichukua.

Saa nne mvua ilianza, ikanyesha mpaka jioni. Walimrudisha Ismaël kutoka vitani saa kumi, wamembeba kwenye miti miwili. Wabebaji walikuwa wameloa mpaka mifupa. Maiti ilikuwa imeloa. Bunduki ilikuwa imelazwa juu ya kifua chake, na Germaine aliambiwa aichukue akaipange na nyingine.

Akaigusa.

Ilikuwa kavu. Kavu kabisa, kama kitu kilicholala karibu na jiko. Aliisimamisha mvuani mbele ya macho yake, na matone yakapita kando.

"Sasa amekuja kuyadai," Germaine alimnong'oneza Mounira pale mtoni. "Maji yake."

Mounira aliikamua nguo aliyoshika mpaka isitoe tone. "Basi mupe."

"Na yaya Jérôme, kaka yangu? Kibuyu kimebaki kimoja. Nimemuuliza."

"Germaine, ile ni mchezo ya mu télé."

"Kama ni mchezo, kwa nini unaniambia nimupe?"

Mounira alichovya nguo nyingine mtoni.

Jumatano, tarehe 10 Julai, Jérôme alikuwa na safari ya Kama, mwendo wa siku mbili kwa pikipiki. Wachimbaji huko walimwita kutengeneza sahani za jua zinazoendesha pampu yao. Saa mbili asubuhi alikuwa uani akifunga sanduku la vifaa kwenye pikipiki ya Exaucé, dereva wa mtaa, ambaye ndiye angempeleka. Joëlle alikuwa amekwenda sokoni. Alikuwa ameacha shati la safari limepigwa pasi, mikunjo imesimama kama karatasi, na Jérôme alikuwa tayari amelivaa.

"Germaine!" aliita. "Mukuki wangu jana umeisha mwanga wote. Ingia unitilie maji, nikirudi niukute tayari. Njo kazi yako, si vile?"

Alikuwa akitania. Germaine aliingia.

Chumba kilikuwa na mwanga wa kutosha. Jua lilipita dirishani mpaka ukutani. Aliwasha mashine. Askari alikuwa amesimama kisimani. Mwanamke mwenye uso uliofunikwa alikuwa amesimama mbele yake. Mfuko ulifunguka.

Kibuyu kimoja.

ILUNGA juu. ILUNGA chini. Yote miwili bila mwanga. Hakuna tofauti, hata ya mkwaruzo.

Angeweza kuizima mashine na kutoka. Alilifikiria hilo. Alimfikiria pia yule aliyembebea chungu. Lakini nje kaka yake alikuwa akicheka na Exaucé, na njia ya Kama ni mbaya, na hakuwa na kaka mwingine. Akachagua kama alivyochagua zamani.

Ila, upi? Alitafuta akilini. Anayetangulia huandikwa juu. Ndivyo ilivyo katika kila orodha aliyowahi kuiona, ya shule, ya parokia, ya wagonjwa. Mkuki wa Jérôme ulitangulia. Basi ni wa juu.

Akaubonyeza wa juu.

Mwanamke aliinua kibuyu. Maji yakamwagika. Mkuki ukajaa buluu mpaka ncha.

Kisha mwanamke aliinua kichwa. Hakuwa na kawaida hiyo. Chini ya skrini, pale panapotokea maneno ya Kifaransa, pakatokea maneno mengine.

*Aksanti, mudogo.*

Germaine hakupiga kelele. Alifumba macho. Alipoyafumbua, mwanamke alikuwa ameinama tena, na maneno hayakuwapo.

Alitoka nje. Jérôme alikuwa ameshapanda nyuma ya Exaucé. Alimgeukia, uso umejaa jua.

"Yangu umetia maji?"

Maneno yaleyale. Sauti ya mwingine, lakini maneno yaleyale.

"Nimetia," alisema Germaine.

"Wa juu ao wa chini?"

"Wa juu."

Jérôme alicheka. "Ah, Germaine! Ii mashine inapanga kinyume. Kitu kipya njo kinaingia juu. Yangu ni ule wa chini. Umemutilia wajina wangu!" Akampiga Exaucé begani. "Twende. Nitatafuta kibuyu kingine nikirudi."

"Yaya, shuka."

"Nini?"

"Shuka. Usiende leo."

"Kwa sababu ya mukuki?"

Exaucé alikuwa akitazama. Injini ilikuwa ikinguruma. Kumzuia kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa moja, na ndani ya sababu hiyo alikuwamo Ismaël, rafiki wa Jérôme, ambaye Jérôme mwenyewe alimchimbia kaburi kwa mikono yake. Germaine alifungua kinywa. Pumzi moja ingetosha.

"Hapana," alisema. "Enda muzuri."

Pikipiki ilipopotea kwenye kona alikimbia ndani. Alipekua mfuko wa askari. Hapakuwa na kibuyu. Alibonyeza mkuki wa chini mara moja, mara kumi. Mwanamke wa kisima hakusogea. Alipiga simu ya Jérôme, haikupatikana. Alipiga tena.

Ndipo akahisi vidole vyake. Kidude cha kuchezea kilikuwa kimeloa. Meza ilikuwa imeloa, duara moja la maji, upana wa kitako cha chungu. Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi, na ndoo za nyumba ile zilikuwa jikoni. Mounira, aliyeitwa kwa kelele, aliliona duara hilo na kulifuta kwa kanga yake. Anasema kanga ilinuka majani yaliyopondwa, na kwamba ameifua mara nyingi.

Jumamosi asubuhi Exaucé alirudi Alunguli na pikipiki iliyovunjika taa. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akasema kwamba Alhamisi, karibu na Kama, waliteremkiwa na mvua ambayo hakuna aliyeitazamia katika mwezi ule, mvua ya saa mbili nzima, mpaka mti mkubwa ukang'oka ukalala njiani mbele yao, pikipiki ikaugonga, na Jérôme akarushwa. Koti lake lilikuwa bado na unyevu. Sanduku la vifaa lilitoa maji lilipofunguliwa.

Kisha akatoa mfuko wa plastiki na kumkabidhi Germaine, kwa kuwa Joëlle hakuweza kunyoosha mkono.

Ndani yake mlikuwa na lile shati. Lilikuwa kavu. Mikunjo ya pasi ilikuwa imesimama kama karatasi.

"Tulinyeshewa sisi wote wawili," alisema Exaucé kwa sauti ya chini. "Nilimushika na mikono yangu. Mvua ilikuwa inapita pembeni yake."

Ilunga Jérôme alikufa Alhamisi, tarehe 11 Julai 2024, saa nane mchana, kilomita nne kabla ya kufika Kama.