Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

"Mimi sihitaji kidonge cha mtu. Miguu hii inajitosheleza!" Kimbunga alijigamba asubuhi akifunga kamba za viatu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mashindano ya mbio ya shule yalikuwa yamekaribia.

Nyumba yao ilikuwa kama duka la dawa lenye vitanda. Bibi alimeza vidonge vya mifupa. Kaka yake, aliyeitwa Kifua kwa kunyanyua vyuma, alikoroga unga wa misuli. Shangazi, fundi cherehani mwenye mimba ya miezi saba, alipewa kliniki vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Ili asivisahau kazini, alivimimina kwenye kopo la vifungo kando ya cherehani. Humo nani angejua vimebaki vingapi?

Basi wenzake shuleni walimwambia Kimbunga kwamba damu nyingi ndiyo mbio nyingi. Tangu hapo, kila akitoka shule alichovya mkono koponi, akameza viwili. Mbio hakupata. Alipata tumbo la kuuma.

Siku ya kliniki, Shangazi alirudi amefura kwa hasira.

"Muuguzi amenigombeza mbele za watu! Damu imeshuka, ati natupa dawa! Mimi niliyebeba mtoto! Nani anakula vidonge vyangu?" Akalibamiza kopo mezani, vifungo vikaruka.

Macho yote yakamgeukia Kifua.

"Mna wazimu?" Kifua akafoka. "Niangalieni, nina mimba mimi?"

"Wewe unameza kila kitu isipokuwa sahani!" Shangazi akamjibu. " Funga virago, sikai na mwizi."

 Hapo Kimbunga angeweza kusema. Badala yake akajikausha. "Kaka, kiri tu yaishe."

Bibi akainuka kitini.

"We mtoto, una macho makavu! Jumanne nilikuwa nyuma ya pazia hilo, najaribu gauni langu. Nikakuona umechovya mkono koponi, ukatia kitu kinywani. Nikajiambia uzee huu, nani atafune vifungo? Kumbe!"

Kimbunga akaangua kilio. "Nilitaka kushinda, Bibi."

"Kushinda? Dawa aliyopimiwa mjamzito ni yake yeye na mwanawe. Tumboni mwa mtoto kama wewe ni sumu, inaweza kukuua! Umemnyang'anya shangazi yako damu, halafu ukamtwisha kaka yako wizi. Hilo la pili ndilo linalonichefua zaidi."

Shangazi alikwishachukua mkoba. "Twende kliniki sasa hivi. Wewe ukapimwe, mimi nikaombe vingine. Na vitakaa kwenye pakiti yake." Akamgeukia Kifua, sauti imeshuka. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuonea."

Kimbunga akakimbilia mlangoni. Bibi akamzibia njia kwa mkongojo.

"Bado. Mtazame kaka yako usoni, umwambie mwenyewe."

Kimbunga akainua kichwa.

"Ni mimi, Kaka."