Sekunde Saba za Ziada

Video iliingia kwenye kompyuta ikiwa na dakika nne kamili, ikatoka na dakika nne na sekunde saba. Bi Kanda akakunja uso. Kazi yake ilikuwa kuzigeuza video za zamani, zile ambazo simu za siku hizi zinazikataa, zipate kuchezeka kiganjani, na kila akimaliza alilinganisha urefu. Faili likitoka fupi, ujue kuna kitu kimekatika. Kutoka refu hakujawahi kutokea.

Ingekuwa ya mteja, angeifuta akarudia. Lakini hii ilikuwa ya binti yake, aliyefariki akiwa na miaka sita, na sauti yake haikubaki popote pengine duniani. Mama wa watu alitaka tu kutembea nayo kwenye simu.

Akaicheza. Mtoto amekaa kizingitini, anahangaika na kamba za viatu, anajigamba kwamba yeye si mtoto tena. Dakika ya nne ikaisha. Mtoto akaviacha viatu, akainua uso, akamtazama mama yake bila kupepesa.

Mwingine angetimua mbio. Lakini la kuvunda halina ubani. Bi Kanda akaigeuza tena. Zikawa sekunde ishirini. Akaigeuza mara ya tatu, ya nne, ya tano, na kila mara mtoto alisogea karibu zaidi na kioo, na mle chumbani, mchana kweupe, madirisha yakiwa wazi, harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka sakafuni, ikaingia kwenye pazia, kwenye nguo, kwenye mate mdomoni, mpaka mara ya tisa uso ulipojaa skrini nzima na sauti ile ile yenye kithembe ikaita, spika zikiwa zimezimwa, "Mama."

Wifi yake, aliyekuwa mganga, alipoitwa alikuja mbio. Alifika mlangoni akaziba pua.

"Wifi, futa," alinong'ona. "Faili la zamani na hayo mapya yote. Kwa mkono wako mwenyewe, la sivyo halitoki."

"Nifute sauti ya mwanangu?"

"Mwanetu amelala zake, wifi yangu. Hilo ni jini, limevaa sauti yake, na wewe umelifungulia mlango mara tisa. Kama huniamini, liulize jambo mnalolijua wewe na mtoto tu."

Jambo lilikuwepo, na lilikuwa limemla Bi Kanda miaka mitatu. Usiku wa mwisho hospitalini mtoto aliomba maji. Daktari alikuwa amekataza, naye kwa uchovu akamkaripia, "Hebu nyamaza!" Mtoto akanyamaza, na hakusema tena.

Akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta.

"Usiku ule," aliuliza, "mwisho kabisa, uliniambia nini?"

Harufu ya udongo ikazidi.

"Nilikwambia nakupenda, mama. Nilikwambia hukunikosea kitu."

Uongo mtupu. Bi Kanda akatikisa kichwa, na wifi yake akashusha pumzi.

"Si umesikia mwenyewe? Haya, futa."

Machozi yalimtiririka. Sasa alijua, bila chembe ya shaka, kwamba binti yake hakuwemo mle. Akaondoa kidole kwenye kitufe, akasogeza sikio hadi likagusa kioo.

"Sema tena," alinong'ona.