Barua ya Balozi Haipandi Ndege

Asubuhi ile kijijini Mlalo palikuwa pametulia, ukungu bado umelala bondeni. Kornelio, mpasua mbao, alikuwa anakunywa uji na binti yake Yunis, miaka sita, jicho moja limezibwa na uvimbe. Mchana wangeshuka Tanga pamoja na muuguzi wa misheni. Kesho yake ndege mpaka Dar es Salaam, Yunis akapasuliwe.

"Na karatasi zako, baba Yunis?" mkewe Rahabu aliuliza.

"Si ninayo barua ya balozi!"

Sasa sikilizeni, jamani. Kornelio alitoka Taita, Kenya, kabla ya Uhuru. Kila alipoambiwa akajiandikishe ofisi ya uhamiaji Lushoto, jibu lake lilikuwa moja: "Nikimaliza kupanda viazi." Kapanda viazi miaka kumi na tatu! Naye mzee Fanueli, balozi wa nyumba kumi, kwa huruma tu, akamwandikia: mzaliwa wa Mlalo. Kwenye mabasi barua ile ilipita kila siku. Kornelio akadhani ndege nayo ni basi, ila lina mabawa.

Ndege ilikuwa inatokea Mombasa, kwa hiyo uwanjani Tanga palikuwa na ofisa wa uhamiaji. Akaisoma barua, akaisoma tena, kisha akamwinamia mtoto.

"Shikamoo," Yunis akasema.

"Marahaba, mama. Bibi yako mzaa baba anakaa wapi?"

"Taita! Baba alikuja kwa miguu, akalala porini siku mbili. Simba walimwogopa!"

Watu wakaangua kicheko. Kornelio hakucheka.

"Mzee, hii barua ni ya uongo. Kaa kwenye benchi."

"Afande, mtoto atapofuka!"

"Mtoto ataruka. Wewe huruki."

Muuguzi akambeba Yunis, mtoto anarusha mateke, "Baba, njoo! Baba!" Mlango wa ndege ukafungwa. Kornelio akabaki benchini, kiatu kimoja cha mtoto mkononi.

Jicho lilipona. Siku bandeji ilipofunguliwa, Yunis alitazama kitanda baada ya kitanda, akauliza nani kamficha baba yake. Baba alikuwa keshavushwa mpaka, karudishwa Kenya. Mzee Fanueli akavuliwa ubalozi.

FUNZO

Wewe uliyetoka ng'ambo ya mpaka, nenda ofisini leo, kabla hujashika tiketi. Viazi vitasubiri. Na wewe balozi, usimwandikie mtu uongo ukaita huruma. Huruma ilikuwa kumshika Kornelio mkono, kumpeleka Lushoto. Ni mwendo wa asubuhi moja tu!