Bakuli la Nauli

Nyumba ya akina Guamán pale Ossining, kitongoji nje ya jiji, haijui kula kimya. Jumapili Targelia, mama mkwe wa Zoila, huteleka chungu cha supu ya kuku na mahindi, na anayepita barabarani akainusa, huyo keshakuwa mgeni. Siku za kazi ndipo nyumba hunyamaza. Efraín hutoka alfajiri kupanda treni ya mjini, kwenda kazini kwenye kiwanda cha mikate. Mkewe Zoila hubaki hapo hapo Ossining, akifanya kazi kwa dobi wa mtaa wa pili.

Jumanne moja Zoila alikuwa na miadi ya meno mjini. Wakapanda treni pamoja, kahawa mkononi, mto Hudson dirishani. Zoila alikuwa amekata tiketi yake.

"Na yako?" akamwuliza mumewe.

"Ninayo."

Efraín akatoa kikaratasi mfukoni, akakichomeka kwenye kibano cha kiti kilicho mbele yao. Zoila akakitazama. Kazi ya vikaratasi hivyo aliijua. Kondakta akishaona tiketi yako, hukitoboa kimoja na kukiacha pale, ili asikuulize tena. Lakini kondakta alikuwa hajapita.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Kunywa kahawa, mama."

"Nakuuliza, Efraín."

"Cha wiki iliyopita. Wenzangu wote wanaviokota. Siku nyingine kinapita, siku nyingine nalipa. Nauli inapanda, mshahara umelala. Unataka niende kazini kwa kuogelea?"

Zoila hakucheka. Kahawa ilimgeukia uchungu. Masika ile Efraín alikuwa na usaili wa uraia. Walikuwa wameungoja tangu ujana wao. Na swali moja walilijua kwa moyo: umewahi kukamatwa, au kuandikiwa kosa lolote?

"Kitoe," akanong'ona. "Kitoe sasa hivi."

Mlango wa behewa ukafunguka. Kondakta akaja kiti kwa kiti, hana haraka. Akafika kwao. Akakichomoa kikaratasi, akakigeuza kwenye mwanga.

"Bwana, kila kondakta ana umbo la tundu lake. Mimi natoboa jani," akasema. "Hili tundu ni kengele. Mwenye kengele yuko likizo."

Efraín akaingiza mkono mfukoni kutafuta pochi.

"Leo utalipa nauli ya ndani ya treni, ambayo ni ghali zaidi. Nikikukuta tena na mchezo huu, polisi watakupokea stesheni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bwana."

Efraín akalipa. Kiti cha nyuma mtu akakohoa. Zoila akageuka. Alikuwa Bernadette Coyle, jirani yao, mhasibu wa mishahara katika chuo kimoja mjini. Habari ikifika kwa Bernadette, mtaa umekwisha kusikia.

Wiki nzima Zoila alingoja minong'ono. Kwa dobi, kanisani, dukani. Hakuna aliyesema kitu, na hilo likamtisha zaidi. Jumapili, chungu kikiwa mezani, mlango ukagongwa.

"Ni yeye," Efraín akasema. "Kaja kutusuta mbele ya mama."

Bernadette akaingia na keki ya tufaha, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Msinitazame hivyo. Mdomo ninao, lakini hili sikumwambia mtu. Efraín, hapo kiwandani mko wangapi?"

"Kama sitini."

"Basi mpango wa nauli mnao. Kule mjini mwajiri mwenye wafanyakazi wa kudumu ishirini na kuendelea, kwa kawaida sheria inamtaka autoe."

Efraín akatikisa kichwa. "Ule? Walituletea karatasi, tukakataa sote. Wanakata kodi, wanakata bima, sasa wakate na nauli? Kitabaki nini, bahasha?"

"Ndiyo maana unaokota vikaratasi," Bernadette akasema. "Mama Targelia, nisogezee hicho chungu."

Targelia akakisogeza, jicho kwa keki.

"Chungu hiki ni mshahara wa Efraín. Serikali ni mgeni anayekula wa kwanza. Hachoti kiasi kile kile kila siku. Anapima kilichomo chunguni, anachota sehemu yake. Nauli yako ni bakuli hili. Wewe unamsubiri achote, halafu ndipo unajaza bakuli. Umechotewa hata kwenye supu ya nauli."

Akachota bakuli moja, akaliweka pembeni.

"Mpango unasema hivi: jaza bakuli la nauli kwanza. Mgeni akija, anapima kilichobaki tu. Bakuli hili haligusi. Nauli ni ile ile, lakini sehemu ya mgeni imepungua, na nyongeza inabaki kwako."

"Kiasi gani?" Zoila akauliza.

"Tiketi yake ya mwezi ni karibu dola mia tatu. Kila mtu na kodi yake, lakini kwa watu kama ninyi ni kama sabini kila mwezi."

Zoila akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mgeni mwenyewe hakasiriki?" Targelia akauliza.

"Ameruhusu mwenyewe, mama. Ila kaweka mpaka: juu ya kiasi fulani kwa mwezi, anachota kama kawaida."

"Na mimi nikienda kwa dada yangu Bronx?"

"Hapana. Ni safari za kazi, za mfanyakazi mwenyewe. Pesa inaingia kwenye kadi, na kadi hiyo inanunua nauli tu. Ukijaribu kununulia kuku, inakataa. Na wewe Efraín, usiweke zaidi ya unachotumia. Ukiacha kazi, kilichobaki unaweza kukipoteza."

Jumatatu Efraín akaenda ofisini kujiandikisha. Wakamwambia orodha ya mwezi unaokuja imekwisha fungwa. Angeanza mwezi wa baada yake.

Hizo ndizo wiki zilizomkondesha Zoila. Nauli ilibidi itoke mfukoni, yote. Supu ya Jumapili ikawa ya viazi, na wageni wakanywa bila kuuliza. Kila alfajiri Zoila alimpapasa mumewe mifuko ya koti, naye akasimama mikono juu mlangoni.

"Afisa, sina kitu."

"Geuka."

Siku moja akakuta kikaratasi, chenye tundu la kengele.

"Nilikisahau," Efraín akasema. Zoila akamtazama mpaka akakichukua mwenyewe na kukitia kwenye moto wa jiko.

Kadi ikaja. Efraín akanunua tiketi ya mwezi, akautazama mshahara uliobaki, akautazama tena: umezidi. Kuku akarudi chunguni. Kiwandani akawasimulia wenzake habari za supu, na wengi wakaenda kujiandikisha.

Siku ya usaili Zoila alimngoja nje, rozari mkononi. Efraín alipotoka, shati lilikuwa limelowa jasho.

"Wameuliza?"

"Wameuliza. Nikasema sijawahi. Ni kweli, Zoila. Lakini ilibaki kidogo tu." Akafuta uso. "Nimepita."

Kwenye treni ya kurudi akasinzia kabla hawajatoka mjini. Miaka yote hakuwahi kulala humo, jicho kwa kondakta. Sasa alikoroma, kichwa begani kwa mkewe. Kondakta wa tundu la jani akafika. Zoila akamwonyesha tiketi yake na ya mwezi ya mumewe. Kondakta akatoboa kikaratasi, akakichomeka mbele yao.

Ossining walipofika, Efraín akazinduka na kusimama. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kibano, kwa mazoea. Ukakigusa kikaratasi.

Akakiacha pale pale, akamshika mkewe mkono, wakashuka.