Maji Katika Kopo la Kupimia

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Kasyoki alipita hospitalini Msambweni na chupa ya uji wa baba yake. Baada ya kumnywesha, aliupima mkojo wake kwa kopo lenye mistari, kisha akamwambia muuguzi, Bi Mwanatumu, umefika wapi. Wauguzi walikuwa wachache, naye Kasyoki alikuwa mwangalifu.

Baba yake, Mbuvi, mtunza bustani wa hoteli moja ya Diani, alikuwa na ini lililoharibika kwa miaka. Sasa figo nazo zilikuwa zimegoma.

"Figo zenyewe hazina kasoro," Daktari Suleiman alimweleza mama yake Kasyoki, binti akisikiliza. "Ini limevuruga mwendo wa damu, na figo zinakosa damu ya kutosha. Kuna dawa mbili. Hii tuliyoanza nayo huipanua mishipa ya figo. Ya pili huibana mishipa mingine iliyolegea, ili damu irudi kwenye figo. Mkojo ndio utakaotuambia ipi inamfaa. Usipoongezeka, atapelekwa Mombasa akapewe hiyo ya pili."

Mombasa! Mjomba wa Kasyoki, Mwau, alipelekwa huko mwaka juzi, akarudishwa ndani ya jeneza. Basi kesho yake, mkojo ulipofunika sakafu ya kopo tu, Kasyoki alitazama huku na huku, akafungua bomba, akaongeza maji.

"Alhamdulillahi!" alisema Bi Mwanatumu alipoliona kopo. Kasyoki hakuweza hata kutabasamu.

Asubuhi iliyofuata akarudia vilevile. Lakini miguu ya baba ilikuwa imevimba zaidi, na kwa kuchanganyikiwa akamwita Kasyoki kwa jina la nyanya yake. Daktari alisimama kando ya kitanda na majibu ya damu mkononi.

"Ajabu hii. Mkojo umeongezeka, ilhali damu yaonyesha figo zinazidi kuchoka. Labda dawa ndiyo kwanza inaanza kazi. Tungoje."

"Msingoje, daktari!" Kasyoki aliangua kilio. "Niliongeza maji. Niliogopa Mombasa."

Hakuna aliyemfokea. Daktari aliuliza tu, "Maji kiasi gani, mwanangu?"

"Karibu yote."

Gari la wagonjwa la kumpeleka Mombasa likaitwa saa ile ile.

Majuma mawili baadaye Mbuvi alirudishwa Msambweni kumalizia matibabu. Macho yake yalikuwa bado ya manjano, lakini alimwita binti yake kwa jina lake.

"Shikamoo, daktari," Kasyoki alisema, macho chini.

"Marahaba. Dawa ya pili imemfaa, figo zimeamka. Ini bado tutalitunza," alisema Daktari Suleiman. "Dawa mbili zilikuwa zinashindana, na kopo lako ndilo mwamuzi. Mwamuzi akidanganya, anayeshindwa ni mgonjwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulikosea, lakini ulisema kabla hatujachelewa. Haya, kapime."

Kasyoki alilitazama kopo mara mbili.

"Umefika wapi?" aliuliza Bi Mwanatumu.

"Mstari wa tano," alijibu. "Na wote ni wa baba."