Aliyeitika Badala ya Sindano

Kiti kilikuwa na joto.

Sindano aliinuka haraka, akakipapasa kwa kiganja. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mlinzi ndiyo kwanza amemfungulia mlango wa karakana, taa hazijawashwa, na cherehani zote ishirini bado zimefunikwa vitambaa, isipokuwa ya kwake. Viti vya jirani vilikuwa baridi. Cha kwake kilikuwa na joto la mtu aliyekaa muda mrefu akaondoka sasa hivi. Halafu kilinuka. Aliijua harufu ile: dawa ya kuchua, jasho la homa, godoro lisiloanikwa. Ilikuwa harufu ya chumba alichougulia miezi saba.

Alijiambia ni pua tu. Mtu aliyelazwa kwa ugonjwa wa mapafu miezi yote hiyo hakosi vituko.

Wenzake walipofika, karakana ilijaa kelele.

"Haa! Sindano amekuwa uzi!" alisema Mama Pacha, fundi wa kola aliyekaa mbele yake, akimkumbatia. "Mashavu umeyaacha hospitali?"

"Wameyaazima. Wakimaliza watayarudisha."

Wakacheka wote. Alipouliza nani alikuwa akikalia kiti chake, kicheko kilikatika, na kila mmoja akapata shughuli na mkasi wake.

Saa moja kamili Msimamizi aliingia na daftari la mahudhurio. Kawaida yake ilikuwa kuita majina bila kuinua macho. Akisikia sauti, anaweka alama, basi.

"Sindano?"

Alifungua kinywa.

"Nipo," ikasema sauti yake mwenyewe, nyuma ya sikio lake, kabla hajavuta pumzi.

Msimamizi akaweka alama.

Hakugeuka. Alishindwa. Alimwona tu Mama Pacha akiinamisha shingo, kama mtu anayejikinga na mvua.

Mchana Sindano alimvuta Mama Pacha hadi bombani, nyuma ya jengo.

"Usinipandishie sauti, mdogo wangu," Mama Pacha alinong'ona. "Sheria ya hapa unaijua. Ukikosa mwezi, kiti anapewa mwingine. Tukaona tukuitikie. Leo mimi, kesho mwenzangu. Na matundu yako ya vifungo tukawa tunagawana, tunashona muda wa chakula."

"Miezi saba?"

"Miwili." Mama Pacha alitazama mlangoni. "Siku moja, mwezi wa tatu wa kuumwa kwako, kila mtu alidhani ni zamu ya mwingine. Jina likaitwa, tukakaa kimya wote. Na bado likaitikiwa. Sauti ni yako kabisa. Kugeuka, kiti kitupu, cherehani inakwenda."

"Mkanyamaza."

"Tungesema nini? Kazi ilikuwa inatoka, kapu linajaa. Tukasema afadhali, akipona atakikuta kiti chake."

Mwezi wa tatu Sindano aliukumbuka vizuri. Alikuwa ameanza kupona, anakula mwenyewe, anatembea hadi dirishani. Kisha asubuhi moja, saa moja kamili, pumzi ilimkatika kama mtu aliyekaliwa kifuani, na tangu hapo ikawa kila asubuhi saa ileile. Nywele nazo zikaanza kutoka mafungu kwa mafungu.

Alirudi ndani, akachukua shati moja kapuni, akaligeuza ndani nje. Kwa juu mshono ulikuwa wa uzi mweupe, safi kuliko wowote aliowahi kushona. Kwa ndani ulikuwa mweusi. Akauvuta kwa ncha ya mkasi. Haukuwa uzi. Ulikuwa unywele, mwekundu nchani, rangi aliyojipaka wiki moja kabla ya kuugua.

Saa tisa umeme ulikatika. Cherehani zilizimika zote kwa pamoja, mafundi wakaguna, mmoja akafungua dirisha, na katika ukimya ule Sindano akasikia cherehani moja ikiendelea, taratibu, tik, tik, tik, akatazama chini akaona miguu yake iko mbali na kanyagio na kanyagio linashuka na kupanda lenyewe, sindano inatoboa kitambaa, harufu ya chumba cha mgonjwa inapanda hadi machoni, na mgongoni mwake, kupitia gauni, joto la kifua cha mtu mwingine linamsogelea mpaka likagusana naye, likawa linapumua, na kila lilipovuta pumzi, yeye alikosa ya kwake.

Jioni alijikokota hadi kwa shangazi yake, aliyekuwa akitibu watu waliopatwa na majini. Shangazi alisikiliza bila kumkatiza.

"Hili halikuvunja mlango, mwanangu. Lilikaribishwa. Vinywa vilivyosema upo wakati haupo, vikanushe mbele ya huyo anayeita. Kisha jina lako likatwe. Jina likibaki daftarini, hilo jini linabaki kifuani mwako."

"Likikatwa sina kazi, shangazi."

"Na lisipokatwa, hiyo kazi ataifanya nani?"

Kesho yake Sindano hakukaa. Alisimama mlangoni, ameshika fremu. Alikuwa amewaeleza wenzake nje ya geti, na Mama Pacha alikuwa amelia, "Atatufukuza wote, mdogo wangu, nina watoto wawili wadogo," lakini alikuwa ameingia.

"Sindano?"

Harufu ikaanza kupanda. Kiti kitupu kikalia, kama mbao zinazobeba mtu.

"Hayupo," alisema Mama Pacha. "Miezi saba hayupo. Tulikudanganya."

"Hayupo," akasema fundi wa mikono ya mashati.

"Hayupo." "Hayupo." Neno likapita meza kwa meza, mpaka ya mwisho.

Msimamizi aliinua macho kwa mara ya kwanza. Hakumtazama Sindano mlangoni. Alitazama kiti.

"Mnasema nini nyie?" alisema polepole, na uso wake ulikuwa wa jivu. "Mimi namwona. Kila siku nikipita kukagua namwona. Hajawahi kuchelewa, hajawahi kuugua, anajaza makapu mawili. Nimkate ya nini?" Akainamisha kalamu ili aweke alama.

Pumzi ya Sindano ikafungwa kama mlango. Alitembea kati ya meza, hatua kumi na nne, bila hewa, huku kitu kikimvuta gauni kwa nyuma. Alimpokonya Msimamizi kalamu. Kwa mkono wake, juu ya jina lake, alipiga mstari, akaukandamiza mpaka karatasi ikachanika.

"Sipo," alisema.

Hewa ikamwingia yote kwa mara moja, baridi, tamu. Kiti kilianguka chali. Wanawake wakapiga yowe, kisha wakakumbatiana, na Sindano akatoka nje juani, hana kazi, anahema kama mtoto aliyetoka mbioni.

Ndani, Msimamizi aliokota daftari. Mazoea ni mazoea. Akaita jina lililofuata.

Mwenye jina hakuitika. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, na jirani yake naye akajiziba, na mwingine, meza kwa meza. Kwa maana kule nyuma, mahali pasipo na mtu, wote walisikia pumzi ikivutwa, kama anavyovuta mtu anayejiandaa kujibu.