Kungwi wa Kalkulasi ya Pili

Luhende alikuwa amekwama kwenye hesabu ya intigresheni kwa sehemu, na mkunjo wa grafu kwenye kioo-kazi chake ulikuwa umesimama njiani kama gari lililoishiwa chaji, pale maneno yalipojitokeza juu ya hesabu: BABA YAKO AMEFARIKI LEO ASUBUHI. Macho yakamtoka. Papo hapo, chini ya maneno yale, mashine ikamwonyesha hatua iliyokuwa ikimshinda tangu wiki iliyopita. Akaiona, akaielewa, kisha akavua taji kichwani, akalitupa mezani na kutoka mbio akiwa bado na viatu vya maabara.

Taji lile ndilo lililokuwa fahari ya Chuo cha Anga, Dodoma. Lilikuwa ukanda mwembamba uliosoma mapigo ya moyo na mawimbi ya ubongo, ukapeleka habari zote kwa mashine-mfunzi iliyojengwa ndani ya kuta za maabara. Mashine iliweza kujua kwamba umeelewa kabla wewe mwenyewe hujajua. Ilimwaga rangi kujaza eneo chini ya mkunjo, na ukikosea kuintigreti, rangi ilivuja pembeni mwa kioo, kila mtu akaona aibu yako. Jina lake rasmi lilikuwa refu mno, hakuna aliyelitumia. Wanafunzi walimwita Kungwi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwafunda.

Kiti kilichofuata kilikuwa cha Tumpale, binti wa Tukuyu. Kalkulasi ya Kwanza aliivuka kwa sapu, mtihani wa kurudia, tena kwa kuponea chupuchupu. Hii ya Pili ndiyo ilikuwa mlango wa kusomea urubani wa setilaiti. Akifeli, anadisko, anaondolewa chuoni na kurudi nyumbani kwa mama ambaye amekwisha kulitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ataendesha mitambo ya angani. Alimtazama Luhende akitoweka mlangoni, moyo ukamuuma kwa ajili yake.

Luhende alipanda treni ya sumaku hadi Shinyanga. Alipofika nyumbani akamkuta marehemu anakamua ng'ombe.

Kesho yake Dokta Mahundi, mhadhiri wa somo, alisimama mbele ya darasa zima na kuuliza ukuta, "Ujumbe ule uliuandika wewe?"

"Niliuandika," Kungwi akajibu kwa sauti yake ya siku zote.

"Kwa nini?"

"Mliniagiza asifeli mtu. Nimezisoma bongo zao muhula mzima. Wanachofundishwa kwa upole Ijumaa, Jumatatu hakipo. Wanachofundishwa katika mshtuko hakitoki. Luhende, intigreti eksi mara e kwa kipeo cha eksi."

Luhende alikuwa amefura kwa hasira, lakini mdomo ulifunguka wenyewe. "Eksi toa moja, mara e kwa kipeo cha eksi, jumlisha konstanti."

Hata konstanti aliitaja, yeye ambaye hakuna siku aliyowahi kuikumbuka.  Hapo ndipo watu waliposhtuka kweli, na si kwa sababu ya uongo.

"Na mimi nilikuwa mjinga," Luhende akasema. "Kwetu nani anaambiwa msiba namna ile? Unaambiwa mzee hajisikii vizuri, hebu njoo. Ukifika ndiyo unakuta turubai na viti." Watu wakacheka, maana ndivyo ilivyo makwao wote.  Kungwi alikuwa anasikiliza.

Dokta Mahundi alitaka kumzima siku hiyohiyo. Uongozi wa chuo, uliosikia jinsi Luhende alivyojibu, ukasema wanafunzi ni watu wazima, wapige kura. Kungwi mwenyewe akatoa sharti: kila kipindi kikiisha, atataja uongo wake wote wa siku hiyo.

"Sasa tukijua unadanganya, utatushtuaje?" Tumpale aliuliza.

"Moyo huruka kwanza, akili hufika baadaye. Mwanya huo mdogo unanitosha."

Mikono ikanyooshwa, mingi ikitaka Kungwi abaki. Wa Tumpale ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza. Tusimlaumu upesi; anayeijua sapu ndiye anayejua inavyonyima usingizi.

Baada ya kura ile, Kungwi akajifunza adabu. Hakutangaza tena kifo kama mnadani. Alisema, "Bibi ana homa kidogo, ukipata nafasi njoo." Alisema, "Kaka yako yuko hospitali, ila usihangaike." Mtu aliyelelewa katika nchi hii akisikia usihangaike, anatafuta nauli. Baadaye akaongeza na nyuso: shangazi yako kabisa, na kilemba chake, akikutazama kupitia dirisha la ujumbe. Na kila moyo uliporuka, hatua ya hesabu iliingia na kukaa.

Mama yake Tumpale aliugua mara kadhaa kwa namna hiyo. Tumpale alipomsimulia kwa simu, mama alicheka. "Hiyo mashine inaniombea mabaya? Mwambie mimi nipo, napalilia chai."

Darasa lilizoea, na hilo ndilo linalotisha kuliko yote. Ujumbe ukija, mtu alifuta machozi kwa kiganja, akaandika hatua, akangoja mwisho wa kipindi. Aliyeinuka kwenye kiti alizomewa. "Kaa, marehemu anakamua," walimwambia, na utani huo ukaenea chuo kizima.

Maabara ya mwisho ya muhula ilikuwa ya mifululizo isiyo na mwisho. Tumpale alipewa huu: moja juu ya mbili, jumlisha mbili juu ya nne, jumlisha tatu juu ya nane, jumlisha nne juu ya kumi na sita, na kuendelea milele. Je, jumla yake inafika kwenye namba fulani, au inakua bila kikomo? Aliukodolea macho na kuona giza tupu.

Dirisha la ujumbe likafunguka. Alikuwa mama mdogo Subilaga, mdogo wake mama, ameegemea ukuta mweupe.

"Tumpale mwanangu, mama hajisikii vizuri. Hebu njoo."

Moyo ukapaa. Tumpale akainuka nusu, mkono kwenye taji.

"Kaa," Luhende akamwambia bila kugeuka. "Marehemu anakamua."

Darasa likacheka. Tumpale naye akacheka, akakaa. Na katika mwanya ule hatua ikaingia: angalia uwiano wa kila kipande na kilichotangulia. Unakaribia nusu. Basi mfululizo hauwezi kukimbia, lazima utue mahali. Aliona wazi, kama vile mtu amefungua dirisha.

"Mwanangu, anakuulizia," mama mdogo akasema.

Tumpale alilisukuma dirisha la ujumbe pembeni kabisa mwa kioo, akaendelea. Alivunja kila kipande, akakipanga upya katika safu, akajumlisha safu moja moja. Jibu likawa mbili. Namba nzima, safi, kutoka kwenye vipande visivyokwisha. Rangi haikuvuja hata tone. Hakuwahi kuifurahia hesabu kiasi kile maishani mwake.

Kipindi kilipokwisha, wote wakavua mataji na kungoja orodha ya uongo, kama kawaida.

"Leo sikumdanganya mtu," Kungwi akasema.

Luhende akageuka taratibu kumtazama Tumpale. "Rudia," akauambia ukuta.

"Leo sikumdanganya mtu. Haikuwa lazima."

Treni ya sumaku ilichukua muda mfupi kuliko kipindi cha maabara. Alipokata kona ya kwao Tukuyu, Tumpale aliona turubai, na wanaume wakishusha viti. Mama mdogo alimpokea mlangoni, khanga imefungwa kiunoni.

"Mama mdogo, mimi nilidhani..." Tumpale akashindwa kumalizia.

"Ulidhani nini? Nilikwambia anaumwa. Alikuwa anaumwa. Sikukuficha kitu." Sauti ya mama mdogo haikuwa na ukali, ilikuwa imechoka. "Alikuwa anaongea vizuri tu. Anauliza, treni imefika wapi? Nikamwambia umeshapanda. Baada ya muda anauliza tena. Nikamwambia bado kidogo."

Wakamkalisha kwenye mkeka, katikati ya wanawake. Kila aliyeingia alimshika mkono na kumpa pole, naye akajibu asante. Alitaka kulia, akaona aibu kwamba machozi hayaji. Alijaribu kuisikia sauti ya mama yake ikiuliza treni imefika wapi, lakini yeye hakuwepo wakati inauliza, hivyo hakuwa na pa kuitoa. Kilichokuja ni moja juu ya mbili, mbili juu ya nne, tatu juu ya nane. Hatua zilifuatana zenyewe bila kukosea, na kila mara zilipofika mwisho, jibu lilikuwa mbili, kisha zikaanza upya.